Mkia wa Kijani au wa Zambarau

Alhamisi, 11 Machi 1999

Violeth kafika! Kashuka basi la saa tisa, kachoka hoi, lakini anacheka. Mabegi mawili. Kwenye moja kinaning'inia kipande cha ngozi cha shirika la ndege, jina lake limepigwa kwa herufi za fedha: V. NDAHANI. Nimelibeba mwenyewe nikapita nalo mbele ya duka la Kuluthumu, polepole. Kuluthumu akauliza, mbona Mama Violeth leo unatembea kama bibi harusi? Nikasema mzigo mzito. Uongo! Lilikuwa jepesi.

Yuko njiani kwenda Malawi. Kazi yake ni majokofu ya chanjo. Anakaa Denmaki, lakini kila baada ya wiki chache yuko Afrika, anawafundisha madaktari jinsi ya kutunza chanjo isiharibiwe na joto. Madaktari! Mtoto niliyemfunga mgongoni nikipalilia uwele Mvumi!

Ndege yake, ile ya mkia wa kijani, hutua Dar Jumatano, na ya kumpeleka Malawi haipo mpaka Jumapili. Wengine wangelala hotelini. Wangu anapanda basi anakuja Dodoma kwa mama yake. Kala ugali na mlenda kwa mkono, kalamba na vidole. Anasema kule hata chipsi wanachoma kwa uma.

Ijumaa, 12 Machi

Leo nimesoma somo jipya, mimi wa darasa la sita! Mwalimu ni Wambura, mpangaji wangu wa chumba cha uani, kijana wa Musoma wa ofisi za Bunge. Naye amepanda ndege mara kadhaa kwa kazi, basi akaja kukaa nasi barazani.

Kumbe ukiruka sana na shirika moja wanakuwekea pointi. Zikitosha unapanda daraja — kadi ya kawaida, halafu silva, halafu goldi. Mwaka unaofuata usiporuka vya kutosha, wanakushusha. Wambura anasema ni kama vyeo vya serikalini, ila huku wanakushusha kweli. Tumecheka!

Violeth ana silva ya mkia wa kijani. Sasa shirika jingine, la mkia wa zambarau, limemwandikia: hamia kwetu, tunakupa goldi hapo hapo, huanzi chini. Ila uruke na sisi. Kushika zote mbili hawezi. Safari zake akizigawa hazitatosha kokote, atashushwa huku na huku.

Kaniuliza, Mama, unaonaje?

Nikauliza goldi inampa nini. Kitanda badala ya kiti, nafasi ikiwepo. Chumba cha kungojea chenye chakula na bafu. Begi lake kutoka la kwanza wakishatua. Na zambarau inaruka kila siku! Kijani ni mara mbili tu kwa wiki. Nikasema mara mbili? Hiyo ni ndege au mnada? Wambura nusura amwage chai.

Violeth hakucheka sana. Kasema ya kijani ameizoea, na hizi siku za kungojea Dar si mbaya. Nikamwambia, unangojangoja nini, wewe si mtu wa kungojeshwa. Chukua goldi! Baba yako angekuwepo angekwambia hivyo hivyo.

Akaniangalia. Akasema, haya Mama.

Jumapili, 14 Machi

Jana kaondoka. Leo baada ya ibada nimewaeleza akina mama: mwanangu anapandishwa goldi. Anjelina hakuelewa, kadhani Violeth kavishwa pete, akaanza kupiga vigelegele. Nikaeleza upya. Nikamweleza na mke wa mchungaji. Nimerudi nyumbani sauti imekauka.

Jumatano, 5 Mei

Kuluthumu kamtuma mtu mbio, simu yangu dukani kwake. Violeth! Kadi imefika, anasema inang'aa mpaka anaona meno yake. Yuko Lusaka. Nikauliza, basi ukirudi Dar unakuja siku gani, niloweke kunde?

Mama, sikupitia Dar. Hii inapitia Nairobi. Nimeshuka alfajiri, kabla chai haijapoa nimeshaondoka tena. Kurudi ni hivyo hivyo. Mara ijayo.

Nikasema vizuri mwanangu, usichoke.

Kuluthumu akauliza, anakuja? Nikasema ana goldi sasa. Akasema, sikuuliza hiyo.

Alhamisi, 10 Juni

Nilijua wiki hii ana safari ya Malawi. Hakusema anakuja. Lakini nikajiambia labda. Nimetwanga karanga, nimepika mlenda, nimetandika kitanda chake. Saa tisa nikajikuta stendi. Wameshuka wanafunzi, na mzee na majogoo wake, na dada mmoja kwa nyuma ni Violeth mtupu, begi jeusi hivyo hivyo. Nimeshaita! Akageuka, akanipa shikamoo. Marahaba mwanangu, nimekufananisha.

Mlenda nimempa Wambura. Kala akamaliza. Nikamwuliza, hivi kutoka Nairobi kwenda Malawi wanapita wapi? Akachukua kijiti akachora mchangani. Nairobi hapa, Malawi kule chini, mstari. Nikasema na sisi? Akatoboa shimo dogo katikati ya mstari. Dodoma hii hapa, Mama. Wanapita juu yetu kabisa.

Nikakaa nalitazama lile shimo. Wambura akasema kwa sauti ndogo, kijana ana adabu: zamani alikuwa analazwa njiani, Mama. Sasa hakuna wa kumlaza.

Ndege ya mara mbili kwa wiki. Nami nikaiita mnada.

Ijumaa, 11 Juni

Asubuhi nafagia uwanja nasikia mvumo. Kitu kidogo cheupe, juu sana, kinakwenda kusini. Mkia sikuuona. Nimesimama na ufagio mpaka kimepotea, shingo inauma.

Alisema zile siku za kungojea si mbaya. Alisema! Hapa hapa barazani. Na mimi nikamsemea na marehemu baba yake juu.

Jumapili, 20 Juni

Anjelina kaniuliza nje ya kanisa, goldi haijambo? Nikasema haijambo. Akasema basi Violeth akija tuione. Nikasema mtaiona. Nimepita njia ya nyuma kurudi nyumbani.

Jumamosi, 17 Julai

Simu tena. Safari hii kazungumza sana. Niandike kabla sijachanganya.

Kumbe mgongo umekuwa ukimsumbua miaka mitatu. Vile viti! Alikuwa akija hapa anashuka kwenye basi anacheka, usiku anajinyoosha sakafuni chumbani nisione. Sikuona. Mimi mama yake! Sasa kwenye ndege ya zambarau wanampa kitanda. Mama, nimelala kama mtoto mchanga, mpaka wameniamsha.

Halafu akasema la pili. Ya kijani wamemwandikia. Mwaka wao unaisha mwisho wa Agosti. Akiruka nao tena kabla ya hapo, silva yake inabaki. Asiporuka, inakufa, siku nyingine ataanza chini kabisa. Na akirudi kwao, safari za zambarau hazitatosha, goldi nayo itakwenda. Jumatatu anakata tiketi ya safari ya Agosti. Ni huku au kule.

Mama, mwanzo wewe ndiye uliyechagua, akasema kama anatania. Chagua tena. Nitakupigia siku hiyo saa kumi na moja jioni.

Nilitaka kusema rudi. Nikasema tutaongea.

Jumapili, 18 Julai

Wambura anasema nimwambie ukweli, achague mwenyewe. Ukweli gani? Kwamba akae kwenye kiti usiku kucha, mgongo umwume, apande na basi juu yake, ili mimi nimtazame akila mlenda?

Kuluthumu naye kanishukia dukani mbele ya watu. Mwanawe Hashimu huja kila Ijumaa kutoka Kondoa, na ana vitunguu vya kupeleka sokoni na watoto watano. Akasema, wewe mwenzangu mdomo wa kujisifu unao, wa kuomba umemwazima nani? Nikamjibu wake hana hata baiskeli. Akasema ndiyo, kaja kwa miguu kutoka stendi, na sahani mbili kamaliza. Nikaondoka bila chumvi niliyoifuata.

Niandike na hili, maana hasomi mtu. Kuna pahala ndani yangu panaona aibu kuwaambia akina mama kwamba goldi imerudishwa. Hata sasa! Hata baada ya kusimama stendi vile. Mungu anisamehe.

Nimeamua. Nitasema rudi. Mgongo tutaukanda kwa maji ya moto, nitamshonea mto wa kuegemea. Rudi, mwanangu. Maneno mawili tu.

Jumatatu, 19 Julai

Naandikia dukani kwa Kuluthumu. Nimekuja na daftari hili nisikae bure.

Imelia saa kumi na moja na kitu. Violeth yuko mezani pa ofisi ya tiketi, binti wa tiketi yuko mbele yake anangoja. Haya Mama, ipi?

Ile rudi nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nikauliza kwanza, mgongo? Akasema, haujambo Mama, tangu nilale kitandani haujambo kabisa. Sauti yake nyepesi! Sijaisikia hivyo siku nyingi. Basi mdomo ukaenda wenyewe: baki na goldi, mwanangu. Mgongo wako kwanza. Mimi sina neno, na huku wote wanajivunia.

Nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, nilidhani utakataa.

Nikasema nini?

Nilidhani utasema nirudi, Mama. Nilikuwa nangoja useme.

Ndipo ikakatika kweli. Nikasema rudi! Rudi Violeth! Ndani ya simu inayopiga tu-tu-tu. Watu wawili wa mafuta ya taa wakageuka. Kuluthumu kasikia yote. Hakunicheka. Kawapimia mafuta yao haraka, akawatoa.

Namba ya pale alipo sina. Ya nyumbani kwake ninayo, lakini hayuko nyumbani, yuko mezani na binti wa tiketi. Labda anajaribu. Labda ameshasema basi, andika zambarau.

Imelia! Si yeye. Ni mtu anauliza sukari imefika. Kuluthumu kamnyang'anya maneno: sukari kesho, hii simu leo ina mwenyewe. Kakata.

Adhana ya magharibi. Kuluthumu anakwenda kuswali. Mlango mmoja wa duka kaufunga, wa pili kauacha wazi, kaniachia duka lote. Kafika barazani akarudi. Kasema, ikilia, usianze na habari za mgongo.

Nimekaa juu ya gunia la mchele. Kalamu mkono mmoja. Mwingine uko juu ya simu.