Siku Mbili za Mama Kisumu

Migosi,
Kisumu.
8 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Wakhisi,

Hujambo huko Doha? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Tunasikia joto la huko halina huruma, nami nakuombea upewe kazi za ndani. Sisi miili yetu haijambo. Watoto wamefungua shule na wanakuulizia.

Barua hii naiandika kwa mkono nimpe Dolphine, mfanyakazi mwenzako, anayerudi huko Jumamosi. Yaliyomo nilijaribu kuyasema kwa simu nikashindwa.

Baada ya mazishi uliniuliza kama mama alifurahi alipokuja kutembea Kisumu mwezi wa Juni. Uliuliza mara mbili, nami nikakujibu kwa kifupi. Sasa nakueleza yote.

Alitoka Chwele siku ya Jumanne kuja kuchukua majibu ya vipimo. Jumatano asubuhi daktari alituita pamoja, akasema ugonjwa umeshafika kwenye ini na kilichobaki ni dawa za kutuliza maumivu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza kama bado anaruhusiwa kula samaki.

Tulipotoka nje alinikumbusha ile orodha uliyonitumia, ya mahali pa kutembelea Kisumu kwa siku mbili. Ulikuwa umemwahidi kwamba ukija likizo utamtembeza wewe mwenyewe. Akasema twende leo. Nilitaka nimrudishe Migosi alale, lakini alikuwa ameshafunga kitambaa chake na kutangulia getini.

Abeid, jirani yangu mwenye tuktuk, ndiye aliyetubeba siku zote mbili, tena polepole, maana kila shimo lilimuumiza mama. Tulianza na hifadhi ya swala kando ya ziwa. Tulitembea hatua chache, tukaketi. Hatua chache tena, tukaketi. Alipomwona chui ndani ya wavu alisema aliyemfungia atajibu mbele ya Mungu. Makumbusho tulifika mlangoni tu, miguu ikakataa. Soko la Kibuye aliliona akiwa ameketi ndani ya tuktuk, akawauliza akina mama bei ya maharagwe na kuwaambia kwamba Chwele ni nafuu zaidi. Abeid alicheka sana siku hiyo. Alikuwa hajui.

Alhamisi tulikwenda Dunga. Ile picha unayoipenda, mama akicheka huku ameshika samaki kwa mkia, niliipiga hapo. Alikula nyama ya shavu tu, nyingine akampa Abeid. Halafu akataka mashua, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga chombo cha majini maisha yake yote. Magugu yalikuwa yamejaa ufukweni, mwenye mashua akayasukuma kwa mti mpaka tukatokea kwenye maji meupe. Hapo mama akanishika mkono.

“Nanyama, usimwambie Wakhisi. Akija sasa atapoteza kazi, na mimi sitapona kwa sababu amekuja. Mwache amalize mkataba wake.”

Nilimwambia kwamba siku moja utajua, na utakasirika.

“Atakukasirikia wewe, si mimi,” akasema. “Utaweza?”

Nikasema nitaweza.

Jioni hiyo nilikutumia picha, nikaandika kwamba ni vidonda vya tumbo, si jambo la kutisha. Ule ulikuwa uongo, ndugu yangu, na mikono iliyouandika ni yangu. Wiki tano baadaye mjomba Wepukhulu alikupigia akisema mama ametutoka ghafla. Kwake yeye ilikuwa ghafla. Mimi nilikuwa nikienda Chwele kila Ijumaa kumwogesha, nikiona anavyokwisha.

Na kuna jambo moja mama hakunituma nilifiche. Wiki yake ya mwisho nilikaa naye Chwele, na akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Asubuhi moja alifungua macho, akaniuliza kama umeshafika. Nikamwambia bado. Akauliza tena baada ya chai, na tena alipogeuzwa upande. Nilishika simu, nikalitafuta jina lako, kisha nikaiweka chini, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Siku mbili baadaye alifariki, nawe ukatazama mazishi kwenye simu, umesimama nje ya kambi yenu na kofia ya kazi kichwani.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sijui kama nilimtii mama, au nilimnyima mtoto wake.

Sikuombi unisamehe kwa sababu tu umesoma karatasi hii. Desemba nitakuja kukupokea uwanja wa ndege. Ukinipita bila kuniamkia nitaelewa. Nitakaa kiti cha nyuma mpaka Chwele, wala sitakusemesha. Ila nakusihi, usiende kaburini peke yako. Mimi nimekwenda peke yangu, na si pahali pa mtu mmoja.

Shangazi Nasipwondi anakusalimu, na mjomba Wepukhulu pia. Abeid ananiambia nikupe pole zake. Mungu akulinde juu ya hizo ngazi za ujenzi, akurudishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,

Nanyama