Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Bunju.

Mvua imekata tangu jana, na jua la leo limefanya kazi yake bila kusukumwa. Nguo zimekauka, tope la njia ya kwetu limeanza kushika, na ndoo zangu sita zimepangwa juu ya kichanja zikiangalia chini. Moyo umetulia. Naandika leo leo, maana nikisubiri wiki ijayo nitakuwa nimeshajipamba, na mtu mwema wa habari hii nitajikuta ni mimi.

Mimi siye.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: natengeneza maziwa mgando nyumbani. Maziwa nachukua kwa Mzee Salum, jirani mwenye ng'ombe wanne. Nachemsha, napoza, natia mbegu, nafunika, na asubuhi nasambaza. Wateja wengi ni mama ntilie wa huku barabarani, lakini ndoo ya kwanza huenda kituo cha kulelea watoto kilicho nyuma ya kanisa. Pale kila mtoto hupewa kikombe saa nne. Mwalimu wao aliwahi kuniambia kwamba wapo ambao hicho ndicho chai na ndicho kitafunwa, hawajatia kitu kingine tumboni tangu waamke. Neno hilo halijanitoka.

Mbegu ninayoisema ni unga mweupe wenye bakteria hai. Unatengenezwa maabara, unakuja kwenye pakiti ndogo, na unakaa kwenye friza. Zamani nilikuwa natumia kijiko cha mgando wa jana, kama alivyofanya mama yangu. Siku moja yalitoka matamu, siku ya pili machungu kama shubiri, na kuna siku mfuniko uliruka ukagonga dari. Nilimwaga maziwa mengi miaka ile.

Kisha ikaja semina ya usindikaji, nafasi moja kwa kila kikundi, na ya kikundi chetu nikaichukua mimi. Nilikuwa naliogopa neno bioteknolojia, nikidhani ni mambo ya nyanya zinazokaa mwaka mzima bila kuoza. Mwalimu akatuambia kwamba bibi zetu walikuwa nayo vibuyuni bila kujua jina lake. Akasema nasi ni wafugaji, tofauti yetu na wenye ng'ombe ni ukubwa wa mifugo tu. Nilipenda sana kauli hiyo. Nikarudi na cheti, nikakitia kwenye fremu, nikakitundika sebuleni kando ya picha ya harusi. Tangu hapo mgando wangu una ladha ileile kila siku, unakaa kwenye friji siku nyingi, na sikuwahi tena kumwaga hata kikombe.

Mpaka Jumanne ya wiki hii.

Nilifunua ndoo alfajiri nikakuta maziwa yako vilevile nilivyoyaacha. Hayakuchacha wala kunuka, na hayakuwa mazito hata kidogo. Unachovya upawa, yanachuruzika kama yametoka kwa ng'ombe sasa hivi. Nikasema labda mbegu haikukolea. Jumatano nikaongeza mbegu, yakawa vilevile. Alhamisi nikafungua pakiti mpya kabisa, na bado yakagoma.

Siku nne, mpaka Ijumaa, watoto hawakupata kikombe chao. Mwalimu wa kituo alipiga simu mara moja tu, akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa nyumbani. Upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Sasa niseme nilichofanya.

Mimi ni mtu wa kuchemka upesi. Maziwa angalau huhitaji moto. Na nyumbani kwangu yupo Jesca, wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuja kutoka Njombe alipomaliza kidato cha nne. Huu ni mwaka wa tatu tunaishi naye, na yeye ndiye anayeosha ndoo. Kwa hiyo mkosaji nilishampata kabla sijatafuta kosa.

Jumanne nilinusa ndoo moja moja mbele yake, bila kusema. Jumatano niliuambia ukuta kwamba nyumba hii wapo watu wanaosuuza vyombo kwa macho. Jesca aliendelea kusuuza. Alhamisi, tukiwa mezani, mbele ya kaka yake, nilimuuliza kama yuko kwenye siku zake.

Kwetu tuliambiwa tangu wadogo kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake asisogelee pombe inayochachushwa wala maziwa yanayogandishwa, yataharibika. Semina nzima hakuna aliyetamka kitu kama hicho. Nilikaa pale siku mbili, nikachora bakteria kwenye daftari, nikawapa mpaka mikia. Halafu swali likanitoka kinywani kana kwamba marehemu bibi yangu alikuwa amejibanza nyuma ya meno yangu akingoja zamu yake. Na cheti kinaning'inia ukutani, kinanitazama.

Mume wangu alisema anakwenda kumwagilia mchicha. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Jesca alifuta mikono, akaingia chumbani, na nikasikia zipu ya begi. Ijumaa alimwambia kaka yake kwamba anataka kurudi kwa mama, Jumapili ataondokea stendi ya mabasi ya Mbezi Luis. Mimi alinisalimia asubuhi, akaishia hapo. Siku hiyo maziwa ya Mzee yalikuja kama kawaida, lakini mimi sikuchemsha kitu. Nilijifungia na simu, nikawa nasoma habari za friza zinazoua mbegu, huku nikijua kabisa kwamba kinachoniuma si friza.

Kwa sababu Jesca si mfanyakazi wangu. Nilipojifungua mwanangu Neema na kidonda cha upasuaji kikagoma kupona, ni yeye aliyekuwa akiniosha. Nilikuwa namfukuza mtu huyo nyumbani kwa kaka yake kwa sababu ya ndoo.

Leo asubuhi nimeingia jikoni nikakuta chupa mbili za jamu mezani. Kila moja ina kipande cha plasta kimeandikwa kwa kalamu. Moja MZEE, ya pili DUKANI. Katikati yake kuna daftari langu la semina, limefunguliwa kwenye ukurasa ambao nakumbuka niliuandika huku nasinzia: ukitaka kujua tatizo liko wapi, badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache vilivyo.

Nilinyanyua ya DUKANI, ile ambayo Jesca alitia maziwa ya pakiti. Nikaiinamisha, na mgando ukasogea wote kwa pamoja, mzito, mweupe. Nikainamisha ya MZEE. Maji matupu.

Mbegu ileile, mwoshaji yuleyule, jiko moja, usiku mmoja. Kilichobadilika ni maziwa tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtu ambaye hakwenda semina ndiye aliyefanya kazi ya semina.

Nilivaa kandambili nikaenda kwa Mzee Salum. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, kwa majina, maana anapenda hivyo. Tulipofika kwa Zuhura alisita.

"Zuhura alivimba kiwele wiki iliyopita," alisema. "Jumatatu daktari kamchoma sindano. Akanambia maziwa yake niyamwage siku kadhaa. Sasa mama, neema ya Mungu mtu unaimwagaje? Nikaona nichanganye na ya wenzake, itapungua makali."

Alikuwa anasema kweli yake, na sikuweza kumkasirikia. Nilimweleza taratibu. Sindano ile ni ya kuua bakteria wa ugonjwa. Ikipita kwenye maziwa haichagui, inaua na hawa wangu, na kuchemsha hakuiondoi. Wanangu wale wadogo walikuwa wanatiwa ndani ya sumu kila jioni, na asubuhi mimi nawatafutia mchawi.

Aliuliza kama kuna mtoto aliyeyanywa. Nikamwambia hapana, yote nimeyamwaga. Alishika kichwa, akakaa kwenye kigoda. Tumekubaliana Zuhura atakamuliwa wa mwisho, kwenye ndoo yake peke yake, na maziwa yake yatamwagwa mpaka daktari aseme basi. Na kila ng'ombe atakayechomwa sindano, nitaambiwa siku hiyohiyo.

Njiani nikirudi nilikuwa na furaha ya ajabu. Nimewaza hivi: ningekuwa nauza maziwa ya moto, nani angejua? Wale watoto wangekunywa dawa ya ng'ombe wiki nzima, wakafuta midomo wakashukuru. Viumbe nisiowaona kwa macho waligoma kazi, na mgomo wao ndio uliosema. Nimezoea kudhani kazi yao ni kulisha watu tu. Kumbe wanalinda pia.

Mchana Mzee ameleta maziwa ya ng'ombe watatu. Jesca ameyachemsha bila kuambiwa, ameyapoza, ametia mbegu. Hata sasa sijui kama yataganda. Asubuhi tutafunua. Nimeshampigia mwalimu wa kituo kwamba yakikubali, Jumatatu ndoo itafika, na nafasi ya semina ikija tena, jina nitakalopeleka ni la Jesca.

Ilibaki kuomba radhi. Nilimfuata uani, alikuwa anasuuza ndoo ya mwisho. Nilimwambia nimekosa. Nilisema nilimsingizia kwamba haoshi vizuri, na kwamba ndoo zake ni safi kuliko za semina. La Alhamisi nililiruka. Nilijiambia limeshapita, na kwamba mtu mwenye akili ataelewa limo humo humo.

Jesca hakuinua kichwa.

"Tiketi sijakata," alisema. "Nilitaka kwanza nione ipi itaganda."

Nilicheka kwa nafuu niliyoipata. Nikageuka nirudi ndani, nikijua yamekwisha.

"Halafu wifi, lile swali lako la juzi sijakujibu."

Nikasimama.

"Ndiyo. Nilikuwa kwenye siku zangu, na mpaka leo nipo. Ile chupa iliyoganda nimeikoroga mie, kwa mikono hii hii."

Hakusema kwa hasira. Aliipindua ndoo juu ya kichanja, akanitazama, akangoja.

Nikamwomba radhi upya. Ile ya kwanza ilikuwa ya ndoo.