Kurasa Mbili Zilizogandana

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale dirishani penye mwanga, goti limekupa nafuu na jicho la kushoto halikusumbui tena. Mimi mzima, ukiacha mgongo, ambao tangu nistaafu kwenye kiwanda cha uchapaji umekuwa na mambo yake. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu tutawanyike, na bado nikisikia mkasi unakata nywele nageuza shingo, nikidhani ni Baba.

Nina habari za mjukuu wangu mdogo, yule wa miaka mitano. Mwezi uliopita alianza kusoma. Wala si vijineno vya ukutani: kitabu kizima cha nyuki, kurasa arobaini, bila kukwama. Mama yake aliita majirani, majirani wakamwita mwalimu mkuu, naye akasema huyu ana kipaji, apelekwe shule ya bweni ya watoto wa aina yake, safari ya siku nzima. Mtahini angekuja Jumatatu. Mkwe wangu, ambaye hata gazeti hulitumia kufungia viatu, alipita mtaani kifua mbele kana kwamba yeye ndiye aliyesoma. Mtoto mwenyewe aliacha kula, akaanza tena kukojoa kitandani.

Ijumaa alitusomea. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa chai iliyomwagika, akazifunua pamoja kama moja, lakini maneno yaliyofichwa katikati aliyatamka yote, hakuruka hata moja. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nilimwita jikoni nikamwambia nimeona, na kwamba sina hasira.

"Bibi, mimi herufi sizijui," akasema. "Dada ndiye husoma akinisuka."

"Hata mimi sikuzijua," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akauliza kama kuna mkate. Alikula vipande vinne.

Tulipomweleza, mama yake alinuna siku mbili. Mtahini, mama mmoja mwenye mkoba mzito, alipoambiwa hakukasirika hata kidogo. Alisema kushika kurasa arobaini kwa masikio si jambo dogo, lakini mtoto huyu abaki kwao, ajifunze herufi polepole na wenzake. Kisha akauliza ni nani anayesoma vizuri kiasi cha maneno kumganda mwingine kichwani. Dada yake, wa miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni na kitana mkononi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Mtahini alikaa naye saa nzima.

Sasa nifike kwenye lile nililolizunguka tangu salamu.

Unakumbuka kwenye kibanda cha Baba cha kunyolea. Kila jioni ulimsomea gazeti akinoa nyembe, mimi nikifagia nywele. Kesho yake nililishika gazeti lile lile mbele ya wateja, nikalimwaga lote, nao wakaniita Profesa. Shule ilikuwa ya mmoja wetu. Baba akanichagua mimi, wewe ukatolewa darasa la nne ukashika ufagio wangu. Dada, sikujua herufi hata moja. Nilijifunza huko huko, kwa hofu, kwenye dawati lako.

Nilidhani siri hii ni yangu peke yangu. Lakini juzi, nikiosha vikombe, nilikumbuka ile habari ya mbuzi aliyeteuliwa kuwa hakimu, uliyoisoma jioni moja Baba alipotoka. Nilipowasomea wateja, walicheka mpaka mmoja akachanwa sikio kwa wembe, na Baba akausifu utani wangu. Gazetini haikuwemo, sivyo? Uliichomeka wewe, kunipima. Nakuona pale mlangoni: hukucheka. Ulinitazama, ukainamia daftari lako.

Kwa hiyo ulijua. Na siku Baba alipochagua, neno moja tu lako lingetosha, nawe hukulisema. Nisamehe, kama hukunisamehe siku ile ile. Nimeandika hili na nimepumua. Hata mgongo umetulia.

Msalimie shemeji na watoto. Mdogo anakusalimu, amefika herufi ya saba, na anadai zilizobaki zimetengenezwa kumtesa. Dada yake anataka kujua yule mbuzi hakimu aliishia wapi. Nimemwambia aulize kwako, kwa sababu aliyemtunga ni wewe.

Mdogo wako,
Profesa