Mfuko Usio na Suke

Jumanne, 4 Machi

Mama amekuja kutibiwa macho. Leo nimekwenda naye kazini. Kabadilishwa viatu getini, kavuka uzio wa kwanza, kavuka wa pili — anacheka. Mtama gani huu unalindwa kuliko benki!

Nikamwonyesha mistari yetu ya mtama. Miaka saba ya maisha yangu. Tumekata kijipande cha jeni, basi, na mtama ukagoma kunyauka. Mvua hakuna, na majani bado mabichi. Kila suke limevikwa mfuko wa karatasi uliobanwa kwa stepla, chavua isiruke kwa majirani. Mama kafungua mmoja, kachungulia ndani. Shamba lake mwaka jana lilikauka lote.

Akaniomba punje mbili tatu. Nikamwambia hata jani halitoki nje ya uzio. Akanitazama kama nimemnyima maji. Nikaitwa ofisini, nikamwachia stepla afunge alichofungua.

Alhamisi, 13 Machi

Wafadhili wamejitoa!

Bosi Kesho — tunamwita hivyo, maana ukimwomba lolote jibu ni kesho — safari hii hataki kesho. Mradi ukifungwa kibali kinataka kila kitu kichomwe, hata mbegu za kwenye friji. Nikamsihi tuombe ruhusa tubakize kidogo. Akasema nisimletee hisia za kike. Hisia za kike! Ripoti zote nimeandika mimi, jina la kwanza lake.

Mama alirudi kwake jana. Hata hakununa. Ajabu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumechoma.

Bosi na mkaguzi walikaa kivulini wakihesabu mifuko. Mifuko, si masuke — hairuhusiwi kuifungua. Mimi ndiye niliyeitupa motoni. Mmoja ulikuwa mwepesi. Nikaubonyeza: hewa tupu. Umebanwa vizuri kwenye bua, na ndani hamna kitu. Ndege hawajui stepla.

Moyo ukalipuka paa! Nikautupa pamoja na mingine. Hesabu ikatimia, mkaguzi akasaini. Nililia, wakadhani moshi.

Jumapili, 27 Aprili

Mama kapiga. Habari za macho, za kuku, za shangazi. Halafu, kama anayetaja chumvi: mvua ilionja tu ikakata, mimea ya majirani imenyauka, ila yangu imesimama.

Yako ipi, mama?

Akasema nisiulize ninachokijua. Nikamfokea — anajua naweza kufungwa? Anajua na yeye anaweza kufungwa? Akasema hajaiba, amechukua kwa mwanawe. Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mama simu. Kisha nikakaa chini jikoni nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Jumatano, 28 Mei

Wafadhili wamerudi! Watafiti wengine huko nje wametangaza mtama unaofanana na wetu, na hawa wivu umewashika. Wanautaka wetu, upesi.

Bosi Kesho kafungua friji, kafunga, kafungua tena, kama mtu mwenye njaa. Kisha kaja mezani kwangu, macho yamemlowa. Huyo huyo wa hisia za kike! Ananiuliza kama kuna aliyebakiza hata punje moja. Anaapa hatauliza imetoka wapi.

Namjua. Nikisema, atakwenda na gari na wakaguzi, atang'oa shamba la mama mpaka mizizi, masuke atayabeba yeye, na jina la kwanza litakuwa lake tena. Mama ndiye atakayeitwa mwizi. Nikinyamaza, miaka yangu saba itaishia kwenye sufuria. Namchukia mtu huyu. Na kazi yangu naipenda, Mungu anajua.

Asubuhi mama kaniandikia. Masuke yanatoka, majirani wameanza kuomba mbegu, awagawie? Sijamjibu.

Bosi hajaondoka. Kaegemea mlango, anangoja. Naandika ili nionekane nina kazi. Simu inatetemeka mezani, katikati yetu. MAMA. Amelisoma jina kabla sijaifunika.

Ananiambia nipokee tu, mzazi hangojeshwi.