Dada, Kumi Huja Baada ya Tisa

Mpendwa dada Nakunda,

Shikamoo. Nimeshindwa kungoja nitulie ndipo nikuandikie. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua jambo lenyewe lilianzaje. Ulijua wewe tu, nawe umelala kaburini Chome miaka mingi sasa.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Same? Shamba la mkonge lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na sisi makarani tukapunguzwa kazini wote asubuhi moja. Nilifika na begi na cheti changu cha uchapaji, nikikuonea aibu. Wewe mwalimu wa hesabu, ambaye mshahara wako wenyewe ulikuwa unachelewa, hukuniuliza kitu. Ulinipakulia makande, ukaniambia kesho yake nikusindikize shuleni, kuna mashine unataka niione.

Ilikuwa kompyuta kuukuu ya msaada, na printa yake. Mkuu wa shule alikuwa amechoka kuiona imekaa bure. Mashine ya kurudufu ilikuwa imekufa, stensili hazipatikani, naye alikwambia kwamba kompyuta ile isipochapa mtihani wa moko, yaani wa majaribio, wa kidato cha nne, ataipeleka shule nyingine kule Kisiwani. Ulisema huitoi.

Rafiki yako wa Dar es Salaam alikuwa amekutumia programu huria ya kuiendesha printa. Ilikuja kama maandishi ya wale walioitunga, na kazi ya kuijenga mpaka iwe programu inayofanya kazi ilibaki kwako. Ulinieleza kwa subira, kama unavyofundisha darasani, kwamba kabla ya kujengwa huwa inakagua kama kompyuta ina maktaba inayoihitaji, yaani furushi la kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huziazima, na kama toleo la maktaba hiyo ni jipya vya kutosha. Hapo ndipo ilipogoma. Ilitaka toleo la 1.9 au jipya zaidi. Sisi tulikuwa na 1.10, nayo ikasema hilo ni la zamani.

Uliagiza jipya. Likaja na basi kutoka Dar, ukalifungua: 1.10. Ukaagiza tena, likaja lile lile. Wiki ya moko ikawa inakaribia, na mkuu wa shule akaanza kuulizia gari la kwenda Kisiwani.

Siku ile tulikuwa chumba cha walimu saa ya chakula. Ulinisomea kwenye kioo kwa sauti ya mtu aliyekubali kushindwa.

“Inataka moja nukta tisa. Yetu ni moja nukta moja sifuri. Ni ndogo, Naetwe. Hesabu haidanganyi.”

Mimi hesabu zilinishinda darasa la saba, unajua. Lakini miaka yote ya ofisi ya shamba nilipanga majalada, na jalada la 1.9 lilifuatwa na la 1.10 siku zote. Nikasema polepole, nikiogopa utanicheka:

“Dada, hiyo si moja sifuri. Ni kumi. Kumi huja baada ya tisa.”

Uliacha kutafuna. Ukaitazama ile nambari, ukanitazama mimi, kisha ukaanza kucheka mpaka machozi. Tatizo halikuwa maktaba yetu. Yule aliyeandika ukaguzi alilisoma toleo kama desimali, na wewe, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, ukakubaliana naye. Ukavuta kiti, ukaandika mistari michache ya kutenganisha nambari kwenye nukta, kila upande ulinganishwe peke yake. Tisa na kumi. Ukabonyeza.

Ikapita. Kazi ya kujenga ilichukua mchana mzima, maneno yakipanda kwenye kioo, nasi tukiomba umeme usikatike. Printa ilipoanza kupiga kelele zake na karatasi ya kwanza ya moko ikatoka, ulinishika mkono tukatoka mbio hadi ofisini kwa mkuu wa shule. Aliisoma yote, akauliza kama tunaweza kumtolea na ya kidato cha pili.

Baadaye ulikwenda Moshi, kwenye intaneti, ukawatumia wenye programu yale marekebisho. Uliporudi ulisema tu kwamba wameyapokea, ukaenda kuinjika chai.

Sasa sikia. Jumatatu hii, kazini kwangu, ambako siku hizi mimi ndiye ninayejenga programu, nilifungua kumbukumbu za mabadiliko ya programu ile nikitafuta jambo lingine kabisa. Nikakuta mstari unaosema: ukaguzi wa toleo umerekebishwa, kosa limegunduliwa na Naetwe wa Same, Tanzania. Jina langu, dada, peke yake. Wewe uliyeandika marekebisho hukujitaja popote, wala hukuniambia mpaka unakufa.

Nililia, kisha nikawaandikia wanaoitunza sasa, nikawaeleza kila kitu. Jana wamejibu. Mstari umeongezwa: marekebisho yameandikwa na Mwalimu Nakunda.

Pumzika, dada yangu. Wameliandika jina lako sawasawa, nimelikagua mwenyewe herufi kwa herufi.

Mdogo wako akupendaye,
Naetwe