Mwanamke Hapandi Jukwaa

Baba,

Tangu tukuzike, mvua imenyesha mara mbili tu na maharage ya Bugendana yamekauka. Mama amepungua sana. Mimi bado niko hapa Gitega, dukani kwa Mhindi, nakata vitambaa. Hayo ndiyo uliyoyaacha. Sasa nikwambie niliyoyakuta.

Baada ya arobaini, Mama alinituma Muyinga nikachukue vyombo vyako vya kazi. Miaka yote ulikuwa huko, ukijenga matao ya matofali kwenye makanisa, misikiti na shule, ukirudi kwetu Idi hadi Idi, na mwaka mwingine usirudi kabisa. Tukilalamika, ulitusimulia kisa kile kile cha kwenye kitabu ulichopewa na padri mmoja mzee: mafundi wa milimani huko Ulaya, karne nyingi zilizopita, waliovuka theluji kwa miguu, vyombo mgongoni, kwenda kujenga makanisa na majumba ya wafalme katika nchi za watu. "Fundi kwao ni pale penye ukuta," ulisema. Nami nilikuamini. Shuleni nilijivuna kwamba baba yangu ni kama wao.

Unalikumbuka tao langu? Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nililijenga nyuma ya jiko kwa vipande vya tofali, bila saruji. Ulilikuta, ukapanda juu yake kwa miguu yote miwili, nalo likakubeba. Ukashuka. Halafu ukalibomoa, tofali kwa tofali, ukasema, "Mwanamke hapandi jukwaa."

Muyinga nilimkuta mwanamke juu ya jukwaa.

Anaitwa Zaituni. Alikuwa anafunga tao la mlango wa madrasa, kamba yako ya timazi mkononi. Nilidhani ni mke wako mwingine, na wallahi ningeona nafuu. Akashuka, akafuta mikono kwenye kitenge.

"We iko binti ya Mzee? Pole sana. Mi alinitoa kwenye kubeba maji. Miaka saba alinifundisha."

Nikamuuliza kwa nini yeye. Akaona haya, akatazama chini.

"Alisema iko na binti Gitega, mkono yake inapita yangu. Alisema hataki hiyo mikono ipasuke."

Basi ulijua, Baba. Siku ile umesimama juu ya tao langu, ulijua. Ukamsifu binti yako kwa mgeni, na mwenyewe ukamnyima hata neno moja.

Akanipa kitabu chako. Nilikaa juu ya rundo la matofali nikakisoma. Kifaransa changu kinatosha. Wale mafundi wako walirudi makwao kila majira ya baridi. Waliozesha watoto, walizika wazee wao, walitengeneza mapaa yao, na kazi wakawarithisha wana wao. Wana, sawa, si mabinti. Hilo ungeweza kujitetea nalo, kama usingemfundisha Zaituni. Na ukurasa ule uliukunja pembe. Uliusoma mara nyingi, Baba, ukatusomea nusu.

Nililia pale pale, mbele ya vibarua. Zaituni alikaa kando yangu.

Vyombo sikuvichukua. Nilimwachia, ndiye anayevitumia, nikamwomba anifundishe. Nilipofika nyumbani nilimweleza Mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo mwanamke ana roho nzuri. Nikasema anayo. Akasema, "Basi nenda."

Jumatatu naacha duka. Zaituni amenikubali, na nitaanza kwa kubeba udongo kama alivyoanza yeye. Kila baada ya sala nakuombea, maana hiyo ni haki yako kwangu na sitakudhulumu. Msamaha bado. Nautafuta, siupati.

Pumzika, Baba. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: nitakuwa fundi. Na siku watu watakaposimama chini ya kazi yangu wakaniuliza nani aliyenifundisha, nitamtaja Zaituni.

Binti yako,
Mariamu