Viatu vya Bwana Manukato

Chumba cha uani,
Nyumbani kwenu.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa kitinda mimba wangu,

Pokea salamu tele, na nyingine nimekuwekea akiba. U hali gani huko ng'ambo? Mgongo umepona, au bado unawabebea matajiri ndoo ngazi kwa ngazi? Sisi wazima. Goti langu linalia lakini mdomo haujambo. Mwandiko huu ni wa fundi cherehani, jirani yetu. Maneno ni yangu. Akichomekea lake nitajua, maana hujichekea mwenyewe.

Nimesikia umenuna. Eti mama kamfukuza wakala, kamzibia binti yako riziki. Nuna, lakini soma mpaka mwisho.

Yule wakala uliyeelekezwa na shoga yako, anayepeleka wasichana kazini ng'ambo, alikuja Jumatano. Yalitangulia manukato, yeye akafuata. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, vyeusi, vinang'aa hata nikayaona humo meno yangu mawili. Kazi ni ya hoteli, akasema. Nauli bure, chakula bure, malazi bure.

Mwanangu, mimi nauza kuku tangu hujazaliwa. Nawapa mahindi bure, maji bure, banda bure. Sijaona hata mmoja aliyetajirika.

Nikamwambia, "Baba, nipeleke na mimi. Kufagia najua, kufua najua, na usingizi sina."

Akacheka. "Bibi, wanataka damu changa."

"Kwani hiyo hoteli inapigwa deki kwa damu?"

Mwanao akanikanyaga mguu. Alishafunga begi, maskini, na sufuria yangu ndogo kaitia humo.

Bwana Manukato akaomba pasi ya kusafiria ya mwanao. Kumtunzia tu, asije akaipoteza. Akaisukumiza kwenye koti. Simu ikalia, akageukia ukutani, akanong'ona: "Ndiyo, mzigo wa nne nimeupata. Huyu mbichi kabisa." Kibovu kwangu ni goti, si masikio.

Nikatoka kama naenda kutazama kuku. Nikabeba vile viatu, nikavisukuma bandani chini ya yule mtetea anayelalia mayai. Unamjua roho yake. Nikarudi, nikaketi.

Alipoaga hakuona viatu. "Bibi, viatu vyangu?"

"Nakutunzia, baba, usije ukavipoteza."

"Mama mzee, nina haraka!"

"Toa pasi, nitoe viatu."

Hakutoa. Alichungulia huku na huku mpaka akaviona, akaingiza mkono bandani. Ukelele alioupiga! Mtaa wote ulijaa uani, pamoja na askari wa kike anayenunua mayai kwangu. Alimkuta bwana mkubwa na soksi zake, mkono unachuruzika. Nikamwambia, hiyo hapo damu, tena changa. Mwanao akapiga kelele kwamba pasi yake imo kwenye koti. Askari akampekua: pasi nne, zote za wasichana.

Askari alitueleza, nami nakueleza. Huyo hulipwa kwa kila kichwa anachofikisha. Ile nauli ya bure hugeuka deni mtoto akishuka tu. Anachokula ni deni, anapolala ni deni, na halipungui hata afanye kazi usiku na mchana, na pasi kashikiwa, hana pa kwenda. Hata kama alikubali na kutia sahihi, maadamu kadanganywa, ile ni biashara haramu na mwenye kuifanya anafungwa. Mwanao akaangua kilio, alidhani atafungwa yeye. Aliyedanganywa hana kosa. Wewe pia huna, umesikia? Ulimtakia mema. Nakuchapa kwa mdomo tu kwa sababu mkono haufiki.

Sasa yupo hapa, anakoroma kuliko mimi. Sufuria imerudi.

Lakini mwanangu, tangu Jumatano kuna jambo linanikaba. Nilipokuuliza kwa nini huji kunitazama, ulinijibu kwamba pasi yako anakutunzia tajiri wako. Anakutunzia! Kaidai kesho asubuhi. Askari ametoa namba ya wanaosaidia watu huko uliko; fundi kaiandika nyuma ya karatasi hii. Wapigie kabla ya kulala.

Kaka yako mwashi na shangazi yako wa dukani wanakusalimu. Mtetea naye, vifaranga vimetoka. Mungu akufunike kwa mbawa zake akurudishe kwangu ukiwa mzima, hata na nuno lako.

Na tajiri akikataa, tazama viatu vyake anaviacha wapi.

Wako akupendaye hata ukimnunia,
Mama